Friji la Mtumba na Ndoo ya Rozela

Tembo la mnazi likishushwa alfajiri ni tamu. Saa saba mchana limeshaanza kuuma ulimi, jioni ni la wazoefu, na kesho yake ni siki. Hakuna aliyeliongezea kitu. Hamira iliyomo hewani na kwenye kibuyu cha mgema imekula sukari kwa pupa, kwa kuwa joto la Pwani linairuhusu. Wanywaji hawalalamiki, maana tembo halikutengenezwa lingoje.

Divai ya rozela hutengenezwa ingoje. Unachemsha rozela kavu, unatia sukari, unapoza, unatia hamira, unafunga ndoo, kisha unahesabu miezi. Ukiiacha ichachuke sebuleni Dar es Salaam mwezi wa Februari, kaskazi inapovuma na feni inazungusha hewa ya moto, utakachokifungua baada ya miezi hiyo kinanukia dawa ya kutolea rangi ya kucha, kinaunguza koo, na kinakuachia kichwa cha asubuhi kisicholingana na glasi mbili ulizokunywa. Watu hulaumu hamira, sukari, au muuza rozela wa sokoni. Mimi nililaumu vyote vitatu kwa zamu kabla ya kununua kipimajoto.

Hapa nakuonyesha namna ya kuchukua friji la kawaida, hata la mtumba, na kulifanya lishike nyuzi 18 hadi 22 mfululizo kwa wiki mbili. Mfano wangu ni ndoo ya lita 20 ya rozela kwa sababu ndiyo ninayoijua, ila anayetengeneza bia, divai ya ndizi au ya nanasi atafuata njia ile ile. Nazungumzia cha kunywa nyumbani. Ukitaka kuuza, kuna leseni na viwango, na hayo yana ofisi zake.

Joto linazaliwa ndani ya ndoo

Anza hapa, kwa sababu usipoelewa hili utanunua vifaa vizuri na kuviweka mahali pasipo pake.

Hamira ikila sukari hutoa pombe, hutoa gesi, na hutoa joto. Kilo moja ya sukari ikichachuka yote hutoa kilojuli 500 hivi au zaidi kidogo. Ndoo yako ya lita 20 ina sukari kama kilo nne, yaani kilojuli 2,000 zinasubiri kutoka. Kupandisha joto la lita 20 za maji kwa digrii moja kunahitaji kilojuli 84. Piga hesabu mwenyewe: kama joto lote lingebaki ndani, divai ingepanda zaidi ya digrii 20. Halibaki lote, linavuja kupitia kuta za ndoo, lakini siku ya pili na ya tatu, povu linapopanda, katikati ya ndoo pana joto kuliko chumba kwa digrii tatu hadi tano. Chumba kikiwa na nyuzi 30, hamira yako inafanya kazi kwenye 34. Kwenye joto hilo hutoa pombe nzito zinazounguza koo na harufu kali za matunda yaliyopitiliza, na harufu hizo hazitoki zote hata ukiiweka divai mwaka.

Ndiyo maana siku tatu au nne za mwanzo ndizo zenye uzito. Wanaoweka ndoo kwenye baridi wiki ya pili, baada ya kuonja na kushtuka, wamechelewa.

Hamira nyingi za divai na za bia ya kawaida zinatulia kati ya nyuzi 18 na 22. Zile za bia ya lager zinataka 9 hadi 13, na hapo utahitaji friji lenye nguvu na subira ya mvuvi. Hamira ya mkate inayouzwa dukani nayo itachachusha, na kwenye nyuzi 20 inafanya kazi ya kuheshimika kuliko sifa yake. Kuna hamira moja tu ninayoifahamu ambayo ingekuokolea gharama zote hizi: kveik, iliyotunzwa na wakulima wa magharibi mwa Norway, ambayo huchachusha bia kwenye nyuzi 30 hadi 40 bila harufu hizo mbaya. Ukiipata na unatengeneza bia, acha friji kwa ajili ya maji ya kunywa.

Friji lenyewe linajua baridi ya maziwa tu

Kitufe cha kuzungusha kilichomo ndani ya friji, chenye namba 1 hadi 7, hakionyeshi nyuzi. Watu wengi wanadhani ukiweka 4 ni nyuzi 4. Ni ngazi tu za ukali, na zote ziko kwenye eneo la kuhifadhi nyama na maziwa. Hata ukiweka 1, friji litashuka mpaka chini ya nyuzi 10 na hamira italala. Huwezi kulibembeleza lishike 20 kwa kitufe hicho.

Kwa hiyo unaliwekea bosi. Bosi ni themostati ya nje inayokaa kati ya soketi ya ukutani na plagi ya friji. Ina sensa inayopima joto mahali unapotaka wewe. Joto likipanda inaliwashia friji umeme, likishuka inaukata. Friji lenyewe unaliweka kwenye baridi kali kabisa ili lisiwe na maoni yake. Likipewa umeme linapoza, likinyimwa linanyamaza.

Ni mpango rahisi, na ndiyo sababu friji bora kwa kazi hii ni lile la kizamani: mlango mmoja, kitufe cha kuzungusha, halina kioo cha namba mlangoni. Mafriji mapya yenye bodi za kielektroniki hayapendi kukatiwa umeme mara ishirini kwa siku. Mengine yakirudishiwa umeme hukaa yakisubiri ubonyeze kitufe, mengine hupiga kelele.

Ukienda kwa wauza mitumba, beba futi ya kupimia na ujue urefu wa ndoo yako pamoja na mrija wake wa kutolea gesi. Nyuma chini ndani ya friji kuna kile kigongo kinachofunika kompresa, nacho hula nafasi kuliko unavyodhani. Waambie waliwashe kwa nusu saa. Grili ya nyuma, au ubavu kama grili haionekani, iwe na joto, na ndani pawe na baridi. Bana noti kwenye mlango uliofungwa kisha uivute: ikitoka bila upinzani, raba imechoka. Friji ambalo themostati yake imekufa ni bahati yako, kwa sababu wauzaji huliachia kwa bei ya kutupa, na fundi ataunganisha zile nyaya mbili za themostati moja kwa moja. Bosi wa nje atashika kazi. Lakini friji linalovuja gesi ni mzigo, hata wakikupa bure. Utalijaza leo na utalijaza tena kabla divai haijaiva.

Usitoboe ubavu wa friji kupitisha waya. Mengi yana mabomba ya gesi ndani ya kuta, na kibandiko cha nyuma kikisema R600a, gesi hiyo inawaka moto. Waya wa sensa ni mwembamba; upitishe kwenye raba ya mlango upande wa bawaba na mlango utafunga vizuri. Vilevile usijaribu kung'oa kile kisanduku cha barafu cha juu ili kupata nafasi. Mabomba yake ndiyo friji lenyewe.

Bosi anapatikana kwa wafuga kuku

Kama mfuko unaruhusu, nunua themostati iliyokamilika yenye soketi zake mbili, kama Inkbird ITC-308. Unachomeka friji upande wa baridi, unaweka namba, umemaliza. Unaweza kuruka aya tatu zinazofuata.

Ya bei nafuu ni STC-1000, kisanduku cheusi kidogo chenye namba nyekundu. Usiulizie vifaa vya divai Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, utachekwa. Ulizia themostati za mashine za kutotoleshea vifaranga. Wafuga kuku walishalitatua tatizo hili zamani. Wao wanataka 37.7 na wewe unataka 20, kifaa ni kimoja. Hakikisha kibandiko kinasema volti 220, kwa kuwa zipo za volti 12 na 24 zenye sura ile ile, nazo ukizipa umeme wa ukutani zinatoa moshi mara moja tu.

Sasa nyaya. Umeme wa volti 230 unaua, kwa hiyo kama hujawahi kufunga soketi, mpe fundi umeme ukurasa huu na umwangalie akifanya. Nyuma ya STC-1000 kuna skrubu nane. Namba 1 na 2 ni umeme wa kifaa chenyewe, 3 na 4 ni sensa, 5 na 6 ni upande wa joto, 7 na 8 ni upande wa baridi. Kinachowapotosha hata mafundi ni hiki: 5 na 6, au 7 na 8, havitoi umeme. Ni swichi tupu, kama ile ya ukutani. Kwa hiyo unachukua laivu, waya wa kahawia, unaiingiza kwenye 1, na kutoka hapo unairusha kwa vipande vya waya hadi 5 na 7. Kutoka 6 unaipeleka kwenye soketi ya joto, kutoka 8 kwenye soketi ya baridi. Nyutro, waya wa bluu, inakwenda kwenye 2 na kwenye soketi zote mbili. Waya wa ethi, wa kijani na njano, unakwenda kwenye soketi zote mbili, wala usikubali fundi akwambie si lazima. Friji ni bati na sakafu yako hupigwa deki. Tumia soketi mbili za mojamoja. Soketi pacha zetu zimeunganishwa laivu kwa ndani, ukiwasha baridi na joto linawaka. Vyote vikae ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko, lililokatwa tundu la milimita 71 kwa 29 ambamo uso wa kifaa unaingia barabara. Rilei zake ni za ampea 10, hivyo fyuzi ya plagi isizidi hapo, na usichomeke friza kubwa la duka.

Kabla ya friji, chomeka taa ya mezani kwenye soketi ya baridi, weka namba chini ya joto la chumba, ungoje dakika chache. Ikiwaka, chovya sensa kwenye maji ya barafu, taa izime. Hapo hapo angalia namba: maji yenye barafu nyingi iliyopondwa, yakikorogwa, ni nyuzi 0. Kifaa kikisoma 1.2, unasahihisha kwa kipengele cha F4.

Vipengele vya STC-1000 ni vinne tu. F1 ni joto unalotaka. F2 ni kiasi cha kuvumilia kabla ya kuwasha. F3 ni dakika za kupumzisha kompresa. F4 ni hayo masahihisho. Shikilia S kwa sekunde tatu, chagua kwa mishale, badilisha namba huku umeshika S, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili ihifadhi. Ukisahau hilo la mwisho umejisumbua bure.

F3 ndiyo inayookoa friji. Kompresa ikizima, gesi ndani ya mabomba bado ina mgandamizo mkubwa upande mmoja. Ukiiamsha papo hapo inanguruma, inashindwa kuzunguka, inapata moto, na siku moja haitaamka. Kifaa huja na dakika 3. Mimi naweka 7. Divai haijali dakika saba. F2 naacha 0.5 au 1.0. Kuna watu wanajivunia kuweka 0.3, wanaichosha kompresa kwa ajili ya tofauti ambayo ulimi hautaiona.

Sensa ikae wapi

Kama utakumbuka jambo moja kwenye mwongozo huu, liwe hili: pima divai, usipime hewa.

Hewa iliyomo kwenye friji dogo ni gramu mia mbili au tatu tu. Inapoa kwa dakika moja na inapata joto kwa dakika moja. Sensa ikining'inia hewani, kompresa itawaka, hewa itashuka upesi, kompresa itazima, na kilo 20 za divai pembeni zitakuwa hazijahisi kitu. Kioo kitasoma 20 kwa fahari huku ndoo ikichemkia 25. Nimeona watu wakinionyesha namba hiyo kwa simu na kuniuliza mbona inanukia vile vile.

Bandika sensa ubavuni mwa ndoo, katikati ya kimo cha divai na si karibu na mfuniko. Juu yake weka kipande cha godoro kinene kama vidole vitatu, kisha uzungushie tepu pana au mpira wa baiskeli uliochanwa. Godoro linaizuia sensa isisikie hewa. Inasikia ndoo tu. Plastiki ya ndoo ni nyembamba na divai inayochachuka inajikoroga yenyewe, hivyo utakachosoma hakitapishana na cha ndani kwa zaidi ya digrii moja. Wengine huzamisha sensa ndani ya divai. Ukitaka hivyo, itie kwanza kwenye mrija wa chuma cha pua uliozibwa chini, maana plastiki ya sensa za bei rahisi sio kitu cha kuloweka kwenye kinywaji wiki mbili.

Kasoro moja ya kupima divai: ndoo ni nzito, hivyo friji likizima, baridi iliyobaki kwenye kuta inaendelea kuishusha kidogo. Nusu digrii hivi. Ndiyo sababu ya F2 kutokuwa ndogo mno.

Sasa kisa changu. Rozela ya tatu niliyofanya kwenye friji hili, mtoto wa dada yangu alikuja likizo. Friji kwake ni mahali pa maji baridi, akafungua kutafuta, akakuta ndoo inayotoa mapovu, akafunga kwa heshima. Katika kufungua na kufunga, sensa, iliyokuwa imebandikwa kwa solotepu tu, ikatoka na kubaki nje ya mlango. Usiku kucha ikapima sebule, nyuzi 29, na bosi akaamuru friji lisipumzike. Asubuhi divai ilikuwa nyuzi 5. Zaidi ya hapo, gesi iliyokuwa juu ya divai ilisinyaa kwa baridi na kunywa maji yote ya ile chupa ambamo mwisho wa mrija ulikuwa umezamishwa. Nilishukuru kwamba yalikuwa yamechemshwa. Nilizima kila kitu, nikaacha mlango wazi mpaka divai ikafika 21, nikakoroga kwa mwiko uliochemshwa ili hamira iliyozama iinuke, na baada ya siku moja na nusu mapovu yakarudi. Tangu hapo sensa inafungwa kwa mpira wa baiskeli, na maji ya kunywa yana mtungi.

Kule ambako tatizo ni baridi

Msomaji wa Njombe au Mbeya amekuwa akitabasamu tangu mwanzo. Mwezi wa Juni na Julai Njombe huanguka jalidi, na ndoo iliyoachwa jikoni haichachuki, inakaa tu. Hata Nairobi usiku wa Julai hushuka karibu nyuzi 10. Friji lile lile linakufaa, maana kazi yake ya kweli ni kuzuia joto lisipite, kwenda nje au kuja ndani. Upande wa joto wa STC-1000 chomeka balbu ya kizamani ya waya, wati 25 au 40. Hizi za LED hazitoi joto la maana. Iweke kwenye holda imara, ifunike kwa kopo la maziwa lililotobolewa chini na juu, na iwe mbali na plastiki zote. Kopo lina kazi mbili: linazuia ndoo isiguswe na kioo cha moto, na linaziba mwanga. Mwanga haudhuru sana rozela zaidi ya kupausha rangi yake, lakini bia yenye hopsi ikipigwa na mwanga hutoa harufu ambayo kila aliyepita karibu na kicheche aliyekasirika anaijua. Mkanda wa kupashia joto unaobandikwa kwenye ndoo ni bora zaidi kama unaupata.

Ukiwa na joto na baridi pamoja, ongeza F2 iwe 1.0 au zaidi. Vinginevyo utakuta vinapokezana usiku kucha, kimoja kikiharibu kazi ya mwenzake, na uniti za LUKU zikiyeyuka.

Na kama huna kifaa, au umeme umekatika

Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334. Kwa ndoo ya lita 20 hiyo ni kushusha digrii nne. Jaza chupa za maji za plastiki, acha nafasi ya barafu kutanuka, gandisha. Friji lililokufa kabisa, lisilo na gesi wala kompresa, bado ni sanduku zuri: weka ndoo, zungushia chupa mbili za nusu lita asubuhi na mbili jioni, pima, ongeza au punguza. Nilitengeneza divai mbili nzuri kwa njia hii kabla ya kuwa na themostati. Inachosha, na huwezi kusafiri, lakini inafanya kazi, na ndiyo akiba yako umeme ukikatika. Ukikatika wakati wa mapovu makali, usifungue mlango kwa saa mbili za kwanza. Ukizidi hapo ingiza chupa moja. Umeme ukirudi, STC-1000 itangoja dakika za F3 kabla ya kuwasha, hivyo kompresa iko salama, ingawa kifaa hicho hakikulindi na umeme mdogo au ule unaoruka juu. Kwa hilo tumia kile cha kulinda friji ambacho pengine tayari unacho.

Kitambaa kibichi kwenye ndoo iliyosimama kwenye beseni la maji, na feni mbele yake, ni mtungi wa bibi kwa jina jingine. Dodoma mwezi wa Agosti, hewa ikiwa kavu, itakushushia digrii kadhaa. Dar es Salaam hewa imeshajaa maji na utapata mbili au tatu tu, kisha mbu.

Swichi ya saa, ile ya kuzungusha yenye meno ya dakika 15, inaweza kuliwashia friji robo saa kila baada ya saa mbili. Ni ya kubahatisha kwa sababu haijui kama leo jua ni kali au kuna mawingu. Kwa wiki ya pili, hamira ikiwa imetulia, inatosha.

Wiki mbili zenyewe

Ingiza ndoo friji likiwa limeshapoa na divai ikiwa karibu na nyuzi 20 kabla ya kutia hamira. Kupoza lita 20 kutoka 30 hadi 20 ni kazi ya nusu siku kwa friji dogo, usilisumbue kwa kuligeuzageuzia namba. Weka F1 kwenye 18. Siku ya pili hadi ya tano utasikia kompresa mara kwa mara. Ni lile joto la ndani. Usiingize kichwa kunusa. Ndoo hii itatoa karibu kilo mbili za gesi kwa jumla, nyingine inabaki chini ndani ya friji, na pua itakufundisha. Friji likae mahali penye hewa, lisiwe chumba cha kulala kilichofungwa.

Mapovu yakipungua, siku ya sita au ya saba, pandisha hadi 20, kesho yake 22. Hamira inamalizia sukari ya mwisho na kusafisha baadhi ya takataka zake yenyewe. Wanaosahau hatua hii hupata divai iliyokwama ikiwa tamu, wakaifunga kwenye chupa, na chupa zikalipuka mwezi wa tatu. Matumizi ya umeme ni madogo: friji la wati 100 likiwaka robo ya siku ni uniti 0.6, na baada ya wiki ya kwanza haliwaki hata hivyo.

Ndani kutakuwa na unyevu, kwa kuwa friji kwenye nyuzi 20 halikaushi hewa kama linavyofanya kwenye 4. Ukungu hupenda sana hapo, hasa kwenye mikunjo ya raba. Futa kila baada ya siku tatu kwa kitambaa chenye siki, na weka bakuli la mkaa mkavu.

Ikishanyamaza kabisa na ladha imekauka, shusha F1 hadi 3 kwa siku tatu. Tope lote litazama na divai itang'aa kama kito chekundu. Kabla ya kushusha, toa mrija kwenye chupa ya maji na uzibe mdomo wake kwa pamba safi, ama yatakupata yaliyonipata. Kisha nyonya divai kwa mpira kwenda kwenye chombo kingine bila kutikisa, acha mlango wa friji wazi siku nzima likauke, na kama nyumbani kuna anayengoja maji ya baridi, chomoa plagi kwa bosi uirudishe ukutani.